Nilipopunguza moto kwenye kahawa ya Baba

Wadau, nimeadimika. Wiki tatu sijaandika kitu hapa, na wengine mmeshanitumia ujumbe mkiuliza kama nimeolewa au nimefukuzwa kazi. Vyote viwili hapana. Nimekuwa nakaanga kahawa.

Msicheke. Nikitoka kazini jioni, badala ya kupika ubwabwa kama watu wengine wa Sinza, nawasha jiko la gesi, naweka kikaango, namimina kahawa na kuanza kukoroga kwa mwiko. Moshi unajaa chumba na sebule yangu yote. Siku ya kwanza jirani aligonga mlango akidhani nimelala nimeacha maharage jikoni. Siku ya pili akaja na kikombe. Tumeshakuwa marafiki.

Chanzo ni hiki. Desemba nilikwenda nyumbani Moshi, si mnatujua sisi Wachagga na Krismasi. Wakati wa kurudi, Baba akanipa mfuko wa kilo tano za kahawa ya maganda, yaani ile iliyokwisha menywa, kuoshwa na kuanikwa, lakini bado imevaa lile ganda gumu la rangi ya krimu. Akasema, "Chukua mama, ukanywe kitu cha kwenu huko." Nikaupakia kwenye buti la basi pamoja na ndizi na maparachichi. Ndizi na maparachichi viliisha ndani ya wiki mbili. Kahawa ikakaa chini ya kitanda hadi juzijuzi.

Nikiri jambo ambalo watu wa Dar huwa hawaliamini nikiwaambia. Nimezaliwa na kukulia katikati ya mibuni, lakini nyumbani kwetu tulikunywa chai. Kahawa ilikuwa ada ya shule, ilikuwa mabati, ilikuwa sare mpya mwezi wa kwanza. Hela hainywewi. Iliyobaki nyumbani ilikuwa ni ile iliyokataliwa kwenye mizani, na Mama aliikaanga siku ya mgeni tu. Aliikaanga mpaka ikawa nyeusi tii na kutoa mafuta, akaitwanga kwenye kinu, akaichemsha. Ilikuwa chungu kama dawa, na sisi watoto tuliamini uchungu ndio ladha ya kahawa yenyewe.

Nilipokuja Dar, kahawa ya kijiweni ikanithibitishia hivyo hivyo. Mnaijua. Muuzaji anapita na dele lake juu ya mkaa, anagonganisha vikombe, unakaa kwenye benchi na kashata mkononi, mnabishana Simba na Yanga. Kahawa ile ni nyeusi, wakati mwingine ina tangawizi, na kashata ipo pale kwa sababu maalumu. Siisemi vibaya hata kidogo. Nimepata habari nyingi kwenye yale mabenchi kuliko kwenye mikutano ya waandishi.

Sasa mwaka jana mhariri wangu alinituma Moshi kuandika kuhusu zao la kahawa, na katika mizunguko yangu nikaingia kwenye chumba cha waonjaji. Pale watu wamejipanga mezani, vikombe vimepangwa mistari, kila mtu ana kijiko. Wanachota, wanavuta kwa kelele ambazo Mama angetuchapa kwazo, kisha wanatema. Kilichonishangaza si kutema. Ni rangi. Kahawa yao ilikuwa ya kahawia, tena kahawia ya karanga zilizokaangwa vizuri. Nikamuuliza mmoja wao, kwa ujuaji wangu wa binti wa mkulima, mbona mnaonja kahawa ambayo haijaiva? Akanieleza kwa upole kwamba imeiva, ila wanaikaanga kidogo makusudi. Ukiikaanga hadi nyeusi, unachoonja ni moto. Kahawa nzuri na kahawa mbovu zikishaungua zinafanana.

Nililiandika kwenye daftari langu, nikalisahau. Hadi siku nilipovuta ule mfuko chini ya kitanda.

Haya, kwa wale wanaotaka kujaribu, nawapa nilivyofanya, pamoja na makosa yangu yote.

Kwanza nilikwenda kuazima kinu kwa mama mwenye nyumba. Nikatwanga kidogo kidogo, taratibu, ili ganda litoke bila kuvunja punje. Nikapepeta kwenye ungo. Unabaki na punje za kijani ya kijivujivu, ngumu, zenye harufu kama ya nyasi. Nikapima gramu 150, ambazo zinaenea vizuri kwenye kikaango bila kulaliana. Ukijaza sana, za chini zinaungua za juu zikiwa mbichi.

Mara ya kwanza nilikaanga kama Mama. Dakika kumi na sita, nyeusi, mafuta yanang'aa. Nikapata kahawa ya utotoni. Chungu, moshi, heshima kwa mgeni. Sawa.

Mara ya pili nikasema leo napunguza. Nikawa mwoga kupita kiasi, nikaitoa ikiwa na rangi ya mkate. Jamani! Ilikuwa kama maji yaliyochemshiwa majani ya mahindi. Ule ndio ubichi wenyewe, na ndiko watu wengi wanakokatia tamaa, wakidhani kukaanga kidogo maana yake ni hiyo. Sivyo.

Siri niliyoipata mara ya tatu ni kwamba kahawa inaongea. Usiangalie saa, sikiliza. Ukiwa na moto wa wastani na unakoroga bila kuacha, dakika nne tano za kwanza punje zinatoka kwenye kijani kwenda njano. Harufu inabadilika, nyasi inaondoka, inakuja ya mkate unaookwa. Kisha zinaanza kuwa kahawia na ngozi nyembamba zinaruka kama pumba (kama una feni, izime, niliokota pumba hadi kwenye mto wa kitanda). Halafu, kama dakika ya nane au ya tisa kwenye jiko langu, unasikia pah! Kimya. Pah, pah! Kisha zote kwa pamoja, kama bisi. Hapo punje ina joto la karibu nyuzi 200, mvuke ulioko ndani umeipasua na imevimba.

Ule mlio ndio mlango. Kabla yake ni nyasi. Ukiendelea mbele sana, kimya kinarudi, halafu unakuja mlio wa pili, mwembamba na wa haraka, kama mtu anakanyaga majani makavu. Huo ndio mwanzo wa weusi, moshi na mafuta. Mama alikuwa akiupita ule wa pili na kuendelea mbele. Mimi safari hii niliacha mlio wa kwanza upige mpaka ukaanza kupungua, nikahesabu kama nusu dakika, nikamwaga punje kwenye ungo na kuzipepeta dirishani zipoe haraka. Usiziache kwenye kikaango hata kama umezima moto, maana chuma kinaendelea kukaanga.

Nilipopima nilipata gramu 130. Zile nyeusi zilikuwa zimebaki 123. Yaani ukikaanga sana unatupa hata uzito hewani. Na wale mnaodhani nyeusi ndiyo yenye nguvu ya kukesha, kukaanga hakubadilishi sana kafeini. Nguvu mnayoisikia ni uchungu.

Mambo mengine mawili. Usiinywe usiku huo huo. Iache siku mbili kwenye kopo usilolibana sana, ikipumua. Na kwa kuwa punje iliyokaangwa kidogo ni ngumu zaidi, isage laini kidogo kuliko ulivyozoea na utumie maji yaliyotoka tu kuchemka, la sivyo utapata uchachu mtupu ukasema nimekudanganya.

Basi, siku ya tatu yake, Jumamosi asubuhi, nikasaga, nikamwagia maji, nikachuja. Rangi yake ilikuwa nyekundu ya chai ya rangi. Nikanywa bila sukari.

Sijui niielezeeje bila kuonekana nimeanza maringo. Kulikuwa na limau. Si limau la kukunja uso, bali ule uchachu mtamu wa chungwa lililoiva. Kulikuwa na utamu kama wa sukari guru. Nikakaa sakafuni na kikombe changu, nikamwona bibi yangu marehemu anashuka kihambani na kikapu kiunoni. Zaidi ya karne moja sasa tangu wamisionari wapande mibuni yao Kilema, ukoo wetu umelima, umepalilia, umepulizia dawa ya chulebuni, umebeba magunia, na mimi ndiye wa kwanza ninayeijua ladha ya kitu chenyewe. Wengine walikuwa wanakinywa London na Tokyo. Sisi tulibaki na moshi.

Ingeishia hapo ingekuwa habari nzuri na ningewatakia wikiendi njema. Haikuishia hapo.

Kahawa ilipopoa kidogo, nyuma ya lile chungwa pakatokea kitu kingine. Kilichoma puani. Siki. Au nanasi lililokaa juani siku tatu. Nikajiambia ni ugeni wangu tu, labda kahawa ya hivi ndivyo ilivyo. Nikakaanga tena, nikasogeza mbele kidogo. Siki ikapungua, lakini ipo. Nikakaanga nyeusi, ikapotea kabisa.

Mwandishi wa habari hawezi kuacha kitu kama hicho. Nikaenda Kariakoo, nikatafuta mpaka nikapata muuzaji mwenye kahawa mbichi ya Kilimanjaro, nikanunua nusu kilo. Nikaikaanga jiko lile lile, kikaango kile kile, hadi mlio ule ule. Nikamwita jirani, nikampa vikombe viwili bila kumwambia kipi ni kipi. Akanywa cha Kariakoo, akasema kitamu. Akanywa cha Baba. Akasema, "Hiki nacho kizuri, ila kama kimechacha?"

Sasa niwaeleze kwa nini neno hilo lilinikosesha usingizi.

Ile safari ya mwaka jana niliandika makala ndefu kuhusu wakulima wanaolalamika kupunjwa daraja. Kahawa yao inapelekwa ikiwa nzuri, wanasema, na inarudi imeandikwa daraja la chini na bei ya chini. Mkulima mmoja mzee ambaye sikumtaja jina ndiye aliyebeba makala nzima. Miaka mitatu mfululizo kahawa yake imekuwa ikishushwa. Alizungumza kwa uchungu, akanionyesha stakabadhi zake zote, amezitunza kwenye bahasha. Mhariri aliipenda. Wasomaji waliipenda. Yule mzee alikuwa Baba yangu.

Ndiyo. Nilimtumia baba yangu kama chanzo na sikumwambia mtu. Na sikuionja kahawa yake. Haikunijia hata akilini kwamba kuna cha kuonja. Nilijua nani ni mnyonge na nani ni mkubwa, nikaona inatosha.

Sisemi kwamba wakulima hawapunjwi. Wapo wanaopunjwa, na nina stakabadhi za wengine ambao si ndugu zangu. Tangu mwaka 1989, mfumo wa kimataifa wa kugawana soko la kahawa ulipovunjika na bei kuanguka, mkulima wa mlimani amepigwa pande zote, na vihamba vingi mibuni iling'olewa ikapandwa nyanya na mahindi. Baba hakung'oa. Watu walimcheka, hakung'oa. Lakini kupunjwa kwa wengi hakuondoi siki kwenye kikombe changu. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja, na mimi nilikuwa nimeandika moja tu.

Nilikaa siku nne bila kumpigia. Mnaelewa, mimi ni mtoto wa kike. Kwetu kahawa ni ya wanaume. Mama na sisi mabinti tulichuma, tulibeba maji ya kuoshea, tulichambua mezani, lakini mwenye kahawa ni Baba, na mwenye kusema neno kuhusu kahawa ni Baba. Ndizi ndizo za Mama. Sasa binti anayekaa Sinza, mwenye kikaango cha gesi, ampigie mzee aliyeanza kulima kabla yeye hajazaliwa, amwambie nini?

Jumapili baada ya misa nikapiga.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mama. Hujambo? Huko mvua zipo?"

Tukazungumza mvua. Tukazungumza goti la Mama. Kisha nikamuuliza, kama vile naandika habari, kahawa akishaimenya anaiacha kwenye ndoo muda gani kabla ya kuiosha.

"Siku mbili. Tatu. Inategemea."

"Inategemea nini, Baba?"

Kimya kidogo. Kisha akaniambia, na naandika kama nilivyomsikia. Zamani tulikuwa watoto watano. Asubuhi tunachuma, jioni inamenywa, hakuna tunda linalolala. Siku hizi yuko peke yake kihambani, Mama hawezi kuinama. Anachuma debe moja leo, debe moja kesho. Mashine yetu ya kumenyea ilishaharibika, anaazima ya jirani, na jirani naye ana kahawa yake. Kwa hiyo matunda yanamsubiri siku mbili tatu kwenye gunia. Akimenya, anaongeza ya leo juu ya ya juzi kwenye ndoo ile ile, ili aoshe mara moja, maana kubeba maji mara mbili kwa umri wake...

Hakumalizia. Hakuhitaji kumalizia.

Mtu yeyote anayejua kahawa angekwambia tatizo liko hapo hapo. Tunda jekundu linatakiwa limenywe siku ile ile lililochumwa, kabla halijaanza kuchachia ndani. Na huchanganyi ndoo ya juzi na ya leo, kwa sababu ya juzi inapitiliza wakati ya leo bado. Baba anajua hayo yote kuliko mimi. Yeye ndiye aliyenifundisha. Anajua, hana mikono.

Nikamwambia. Nikasema, "Baba, nimeikaanga kidogo tu, kama wale waonjaji. Ni tamu sana. Lakini kuna siki."

"Siki."

"Ndiyo Baba."

"Kwa hiyo siku hizi wewe ndiye unayenifundisha kahawa."

Nikasema hapana Baba. Akasema haya, msalimie kaka yako. Simu ikakatika. Sijui kama ni mtandao au ni yeye.

Zile siku zilizofuata ndizo mlizoona kimya hapa. Nilijiona mjinga. Mtu anapewa zawadi ya kilo tano, aliyoibeba mzee mgongoni, badala ya kushukuru anaipima kama bwana mnunuzi. Ningeikaanga nyeusi tu kama Mama, ningekunywa, ningesema asante, na kila mtu angebaki na amani yake. Nadhani hiyo nayo ndiyo kazi ya kukaanga nyeusi. Inaficha, na kuna siku kuficha ni heshima.

Lakini ikifichwa, daraja litashuka tena mwaka huu, na mimi nitaandika tena makala.

Alhamisi usiku simu ikaita. Baba hapigi simu usiku. Moyo ukanilipuka, nikajua Mama.

"Ile kahawa," akasema bila salamu, "unaitoa jikoni saa ngapi?"

Nikamweleza. Mlio wa kwanza kama bisi, ukianza kupungua unaitoa. Akasema ndivyo walivyofanya, yeye na Mama, kwenye kikaango cha kuni. Mama amekataa kuinywa, anasema ni mbichi, mgeni akipewa hiyo atadhani tumeishiwa kuni.

"Na wewe Baba?"

Akachukua muda. Nikasikia mbwa wanabweka kwa nyuma.

"Mimi nimeisikia hiyo siki yako," akasema. "Lakini mbele ya siki kuna kitu. Kumbe ndiyo hiyo wanayoifuata Wazungu."

Tukacheka wote wawili. Sijamsikia Baba akicheka hivyo tangu kilio cha bibi.

Tumekubaliana hivi, mimi na ndugu zangu. Tunachanga tununue mashine ndogo ya kumenyea ya kuzungusha kwa mkono, iwe yake, asisubiri zamu ya mtu. Ndoo mbili za ziada, ya leo isikutane na ya juzi. Kijana wa jirani atalipwa kwa siku za kuchuma. Na mimi likizo yangu nimeiomba msimu ukikolea, nikachume. Mhariri ameuliza likizo gani hiyo ya kwenda kubeba madebe. Nimemwambia nakwenda kurekebisha makala niliyoiandika nusu. Hakuelewa, atakuja kuelewa.

Daraja litapanda? Sina uhakika, na siahidi. Likishuka tena wakati kahawa ni safi, basi nitakuwa na cha kuandika, na safari hii nitakuwa nimeonja kwanza.

Kwenye mfuko zimebaki kilo mbili na kidogo. Bado naikaanga kahawia, bado naisikia siki. Jirani anasema nikiikaanga mbele kidogo ya pale inapendeza zaidi, na ana haki. Lakini ya kwangu mwenyewe nimeiacha hapo hapo.

Wikiendi njema, wadau. Na mwenye kikaango kikubwa cha chuma asichokihitaji, tuwasiliane.